Sikumuuliza Mzee wa Mbegu

Ilianza Jumamosi, tarehe 9 Machi 2013, saa tatu kasorobo asubuhi. Mama alikuwa amesimama katikati ya shamba la muhogo na jembe mkononi, akaniita nikaone. Aling'oa shina moja, akauvunja muhogo wake. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama gome. Akang'oa la pili. Akang'oa la tatu. Halafu akaweka jembe chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akasema, "Nenda kwa Mzee wa Mbegu. Mwambie wetu umeoza wote."

"Mama, si unajua yule anataka mtu aongee."

"Basi utaongea. Au utakula jembe."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, shule ya kata. Kijiji chetu kiko upande wa Kumsenga, wilaya ya Kibondo. Ukipanda kilima cha nyuma ya shule unaona moshi wa majiko ya Burundi. Darasani nikiulizwa swali nilisimama tu, mpaka mwalimu anachoka na kuniambia nikae. Ndiyo maana nilianza kuandika daftari hili. Humu hakuna anayesubiri nimalize.

Leo ni Juni 2015, niko kidato cha nne. Nataka kumwandika Mzee wa Mbegu jinsi alivyokuwa, kwa sababu siku alipohitaji tumweleze hatukuweza, na kwa kutoweza kwetu akachukuliwa. Jina lake silijui. Kijiji kizima kilimwita hivyo hivyo, hata katekista.

Kwake hakukuwa na bei. Ulitaka mbegu, ulikaa kwenye kigogo mbele ya mlango wake, ukasimulia jambo ambalo bado halijatokea. Masharti kila mtu aliyajua. Hadithi inaanza na "tuseme". Mbegu unayoiomba lazima iwemo. Na njaa isiwemo. Ukimfanya mtu afe njaa ndani ya hadithi yako unarudi nyumbani mikono mitupu, hata kama una watoto tisa. Watu wenye mvi walikaa pale wakasimulia. Mwenyekiti wa kitongoji chetu, mtu asiyecheka hata harusini, nilimsikia mwenyewe.

"Tuseme ni mwaka elfu mbili mia moja," alisema, kofia ameishika magotini. "Mahindi yameota miguu. Yakikomaa hayangoji kuvunwa. Yanatoka shambani yenyewe, yanapiga hodi kwa mwenye sufuria tupu."

"Yanapiga hodi kwa mkono upi?" Mzee akauliza.

Mwenyekiti akawaza sana. "Kwa jani."

"Haya. Chukua kibaba."

Mama mmoja anayeuza maandazi njia panda alikuja kuomba mbegu za maboga. Yeye alisema, "Tuseme konokono ndio wamepewa ofisi ya kata. Sasa konokono kila mmoja ni baba na ni mama. Fomu zao hazina pa kuandika mke wala mume, na mahari imekufa yenyewe, hakuna wa kuilipa."

Wanaume waliokuwa wanasubiri zamu yao wakaguna. Mmoja akauliza, "Na binti zetu wataolewa vipi?"

"Watajijua. Mimi nimefuata maboga."

"Maboga yako wapi humo?" Mzee akamkumbusha.

"Si ndizo nyumba za watumishi! Konokono anahamia boga, akistaafu analiacha."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akampa mbegu za aina mbili.

Mimi siku ile ya Machi nilikaa kwenye kigogo nikasema, "Tuseme." Nikaishia hapo. Kuku alipita na vifaranga vyake, wakapita wote, bado nilikuwa palepale. Masikio yalikuwa yanawaka. Mzee alinitazama kama mtu anayetazama sufuria ambayo haijachemka, hana haraka nayo.

"Unajua kuandika?"

"Ndiyo."

"Kaandike basi. Na uwe unakuja kuandika na za wengine. Mimi nazisahau, na nyingine ni nzuri."

Nikarudi nyumbani na mzigo wa pingili za muhogo kichwani na kazi ambayo sikuiomba. Kila Jumamosi nilikaa pembeni ya mlango na kalamu. Mzee akaanza kuniita Karani. Hakuna aliyewahi kunipa cheo kabla ya hapo.

Kama alikuwa mwanamke au mwanamume sitaandika. Sikuwahi kujua, na mwenyewe hakuona kama ni jambo la kujulikana. Alivaa koti la kiume la kijivu juu ya kitenge. Sauti yake ingeweza kuwa ya yeyote aliyevuta moshi wa kuni miaka mingi. Kanisani kwetu wanawake hukaa kushoto na wanaume kulia. Yeye alisimama mlangoni misa nzima, akasema mlangoni kuna hewa. Kwenye ikibiri, yaani zile siku za kusaidiana kulima shamba la mtu aliyeelemewa, alikamata jembe na wanaume mpaka saa nne, halafu akahamia kupalilia na wanawake. Wakati wa kula alikula na waliotangulia kunawa.

Watoto wa shule ya msingi walimfuata njiani. "Wewe ni bibi au babu? Bibi au babu?" Siku moja alisimama, akageuka. Wakatawanyika hatua tatu, wakasubiri.

"Leo nimeamka kiuno kinauma," akasema. "Hicho ndicho ninachokijua. Mengine nendeni mkaulize mpapai."

Mpapai wenyewe ulikuwa uani kwake. Kwetu watu wakiona mpapai umetoa maua ya kuning'inia wanasema huo ni dume, wanaukata siku hiyohiyo ili wapate nafasi. Wengine wanaupigilia msumari, eti ushtuke ugeuke jike. Ule wa Mzee haukukatwa wala kupigiliwa. Mwaka wa tatu ukazaa, mapapai membamba yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni. Watu walikuja kuutazama. Jirani yake mmoja, mtu wa migomba mingi, hakuupenda kabisa.

"Huu ni mkosi, Mzee. Dume halizai."

"Limekwambia lenyewe?"

"Kila mtu anajua."

"Onja."

Akaonja. Tukamtazama anavyotafuna.

"Vipi?"

"Tamu," akasema kwa hasira.

Baadaye mwaka huohuo mwalimu wetu wa biolojia, aliyepangiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali na aliyekuwa analalamikia baridi kila siku, alituambia kwamba mpapai una namna tatu: wa kike, wa kiume, na wenye vyote. Akaongeza kwamba wa kiume unaweza kubadilika usipouharakisha. Darasa likacheka, na mmoja wa nyuma akataja Mzee wa Mbegu, likacheka zaidi. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikainama chini ya dawati kama natafuta rula. Sijui niandikeje hili. Sijawahi kutaka kuwa mwanamume. Lakini wenzangu wakikaa kupanga wataolewa na nani na watavaa nini, mimi huwa kama nasikiliza redio ya nchi nyingine. Kwa Mzee hakuna aliyenipangia. Nilikaa pembeni ya mlango na kalamu, basi.

Mbegu alizitunza ndani, chumba cha pili, ambako hakikuwekwa kitanda. Maharage yalikaa ndani ya majivu, mahindi yalining'inia juu ya jiko, mbegu za mchicha na za nyanya zilikuwa kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi. Kusoma hakujua. Kila chupa aliifunga uzi na kitu: kifungo, unyoya, kipande cha kiatu. Ukimuuliza hii yenye kifungo ni nini anakwambia ni nyanya za yule mama aliyesimulia kuhusu mvua iliyokuja na barua ya kuomba radhi. Alikumbuka mbegu kwa hadithi, si kwa sura.

Ule ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba ya yule jirani mwenye hasira, aliambiwa akate yote, azike. Alikata siku nne. Alipomaliza akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake, mikono inanuka utomvu, hakula. Mzee wa Mbegu hakwenda kumpa pole. Alizunguka kijiji. Siku moja ya mvua za Aprili wakaja watu kama ishirini, kila mmoja na chipukizi moja la mgomba kutoka shamba safi, na kila mmoja na "tuseme" yake. Walipanda huku wanasimulia. Mimi niliandika nimesimama, daftari limelowa. Jirani akaanza kusema asante. Mzee akamkata, "Umemaliza? Shika jembe." Asante hakuipenda, sijui kwa nini. Ilimkera kama nzi.

Asifikiriwe malaika. Chumvi alinyima. Mtu aliyegawa vipando vya shamba zima hakuwa tayari kukupa chumvi ya kushika na vidole viwili, na aliificha ndani ya kiatu. Alichukia mbuzi wa kila mtu na aliwarushia mawe. Alidanganya umri wake kila alipoulizwa, leo sitini, kesho themanini. Mpira wa redioni ukianza hata mgonjwa angesubiri. Na mara moja nilimwona akifanya ukatili.

Alikuja mama mjane, mgeni kidogo kijijini, akaomba maharage. Alikaa kwenye kigogo akaanza, "Zamani, mume wangu alipokuwa hai, tulikuwa na shamba..."

"Hapana," Mzee akasema.

"Ninaeleza tu tulivyo..."

"Hapa hatusemi tulikotoka. Sema unakokwenda."

Yule mama akajaribu. Akasema "tuseme", machozi yakamzuia. Akasimama, akajipangusa kwa ncha ya kitenge, akaondoka bila kitu. Mzee akatazama ukuta. Alasiri akanipa maharage kwenye mfuko nimpelekee, akaniambia niseme nimeyaokota. Nilimpelekea. Nikasema nimeyaokota. Akanitazama, akayapokea.

Lakini sheria ile ya kutoulizana ilikuwa ya huruma, na kwetu mpakani kila mtu mzima aliielewa. Katika kijiji chetu kuna waliovuka mto mwaka huu, kuna waliovuka wakiwa mgongoni, kuna ambao bibi zao walivuka, kuna ambao hawakuvuka kabisa, na wote wanaongea sawa na kulima sawa. Kuuliza kulikuwa ni mwanzo wa ugomvi. Kwa Mzee ulipumzika na hilo. Ulikaa kwenye kigogo kama mtu ambaye anaanzia hapo. Nimeandika madaftari mawili na nusu ya mambo ambayo hayajatokea. Najua nani kati yetu atakuwa na mwembe unaoimba, najua ofisi ya kata itahamia wapi, najua mito itafanya mkutano lini. Kuhusu tulikotoka, hakuna hata mstari.

Septemba 2013 ulikuja msako wa wahamiaji.

Maafisa walikuja saa nne asubuhi, siku ya shule, wakakaa kwenye meza uwanjani. Sisi wanafunzi tuliambiwa tubaki madarasani, lakini darasa letu halikuwa na dirisha, lilikuwa na tundu tu, tukaona kila kitu. Waliitwa watu ambao majina yao yalipelekwa. Nani aliyapeleka sijui. Afisa aliyekaa mezani hakuwa mkali. Alikuwa na mafua. Alijipangusa pua kila baada ya swali, akaomba samahani.

Mzee wa Mbegu alikuja na koti lake.

"Jina?" Akasema jina ambalo sikulisikia vizuri.

"Jinsia?"

"Andika utakavyo, nimezoea."

Watu wakacheka. Afisa naye akatabasamu kidogo.

"Mahali ulipozaliwa?"

"Nilikuwa mdogo, sikuangalia."

Wakacheka tena. Sasa nikikumbuka naona kwamba ule ndio ulikuwa wakati wa kutocheka.

Afisa akaweka kalamu chini. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye hana shida na mzee, anataka mtu mmoja tu wa hapa aseme huyu kazaliwa hapa, au baba yake ni fulani. Mtu mmoja tu. Akamwita jirani mwenye migomba.

"Unamfahamu?"

"Sana."

"Tangu lini?"

"Nimezaliwa nikamkuta."

"Kwa hiyo alizaliwa hapa."

Jirani akafungua mdomo. Ni mtu mkweli sana, huo ndio ugonjwa wake. "Hapo sijui. Sikumuuliza."

Akaitwa mwenyekiti wa kitongoji, yule wa mahindi yenye miguu. Sijui. Akaitwa mama wa maandazi. Sijui, bwana afisa, hatuulizanagi. Akaitwa mama yangu. Mama alisimama na mikono imekunjwa tumboni, akasema huyu mtu alitupa muhogo. Afisa akasema nimeelewa mama, lakini alizaliwa wapi? Mama akasema hajui.

Mtu mmoja akasema, "Kuna mtoto huwa anamwandikia. Yuko humu darasani."

Nikatolewa. Nilitembea kwenye uwanja ule nikiona miguu yangu tu. Afisa akaniuliza kama ni kweli naandika. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza naandika nini. Nikatazama kalamu yake. Akauliza, "Katika hayo uliyoandika, kuna mahali amesema alizaliwa wapi?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mzee hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mbuzi wa mtu aliyeingia kwenye bustani ya shule.

"Sijui," nikasema.

Ni neno la kwanza nililolisema mbele ya watu wengi bila kukwama. Lilitoka vizuri. Lilisikika mpaka nyuma.

Afisa akapiga chafya, akaomba samahani, akaandika. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli cha ukuta wa choo. Mzee alipanda mwenyewe, alikataa kushikwa mkono. Waliondoka kabla ya kengele ya saa sita. Baadaye tukapata kipindi cha hesabu.

Sikulia. Sitaki kujisifu wala kujishitaki, ninaandika tu kwamba sikulia. Jioni ile watu walikwenda nyumbani kwa Mzee wakachukua mbegu, wote, kimyakimya, kila mtu alichoweza kubeba, na hakuna aliyesimulia kitu. Nikachukua na mimi chupa ya mchicha. Novemba nikafanya mtihani wa kidato cha pili, nikafaulu. Wakati mwingine nilikuwa nimekaa nakula, nikashangaa kuona sahani imeisha. Mama aliuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Muhogo wetu mpya ulikuwa mzuri, mweupe hadi ndani. Tuliula mwaka mzima. Sikusikia ladha yoyote, lakini niliula.

Ikibiri haikufa mara moja. Ilipungua. Watu wakaanza kuja na visingizio, halafu bila visingizio. Kigogo cha mbele ya mlango mtu alikipasua kuni.

Likizo hii ya Juni nilikwenda Makere, wilaya ya Kasulu, kwa shangazi, kumsaidia kupukuchua mahindi. Makere iko barabarani, na tangu Mei mabasi yanapita yakiwa yamejaa watu waliokimbia Burundi, yanawapeleka kambini. Wanawake wa mtaa wa shangazi wamejipanga wenyewe. Kila siku nyumba tatu zinapika uji na kuupeleka barabarani basi linaposimama. Hakuna aliyewaagiza. Shangazi anasema ukikuta mtoto wa mtu anatafuna kitambaa huwezi kuendelea na mahindi yako.

Jumanne iliyopita ilikuwa zamu yetu. Saa kumi jioni mabasi mawili yalisimama. Watu wakateremka wakakaa ukingoni mwa barabara. Nilikuwa na ndoo, shangazi na vikombe. Nikasikia mtu anasema, "Mwenye mtoto mgongoni kwanza. Wewe bwana mwenye ndevu, ngoja, uji haukimbii."

Koti halikuwepo. Alikuwa amevaa sweta la mwanafunzi, limefupika mikono. Nywele zilikuwa zimeisha mbele. Shangazi alinisukuma. "We mtoto, mimina, umeona jini?"

Nilimfikia wa mwisho. Akapokea kikombe, akanitazama.

"Karani," akasema. Hakushangaa hata kidogo, kama vile tuliachana Jumamosi.

Alikunywa nusu, nusu akampa aliyekuwa kando yake. Nikachuchumaa.

"Mbegu zipo?" akauliza.

"Watu walizichukua zote siku ileile."

"Vizuri. Zingeoza."

"Mzee, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Nilisema sijui."

"Kwani ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Basi ulisema kweli." Akajikuna kiganja. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewakataza kuuliza. Niliona ninawafunika wengine, kumbe ninajifukia mwenyewe. Kule ng'ambo nako waliniuliza. Nikasema nimetoka Kibondo. Wakasema basi rudi Kibondo. Miaka miwili nimelala kwenye ghala la mtu."

"Na sasa?"

"Sasa naandikwa mkimbizi. Si vibaya, wanatoa blanketi. Lakini mkimbizi anatoka kwake anakwenda kwa watu. Mimi nimetoka kwa watu ninakuja kwangu, na bado naandikwa hivyohivyo." Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. "Kuna bwana mmoja wa kuandikisha ameniambia nikipata barua ya kijiji, wawepo wawili wanaosema ni wa pale, jambo langu litaangaliwa upya. Nikamwambia wawili hawapo. Wapo wengi, lakini wawili hawapo."

Dereva akapiga honi. Watu wakaanza kusimama.

Sikuwahi kumuuliza. Nikamuuliza. "Mzee, ulizaliwa wapi?"

Aliinamisha ndoo, akaona ni tupu.

"Sijui, Karani. Walionilea walisema nilipofika kwao nilikuwa natembea tayari. Nilipokua nikapata akili ya kuwauliza, walikuwa wamekufa. Ndiyo maana nilichoka na hilo swali mapema." Akashika bega langu ili asimame. Alikuwa mwepesi. "Wala sikuombi kitu. Rudisha kikombe cha watu."

Akapanda basi. Alisimama karibu na mlango, ingawa ndani kulikuwa na viti.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia shangazi naenda nyumbani mara moja. Nikapanda basi la saa kumi na mbili la Kibondo, na kutoka Kibondo nikapanda bodaboda mpaka kijijini. Saa nne na nusu nilikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa anafagia mwenyewe.

"Nimekuja kusema kuhusu Mzee wa Mbegu. Alizaliwa hapa."

Akaegemeza ufagio. "Wewe si ndiye uliyesema hujui? Nilikuwepo."

"Sasa najua."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Haitoshi, binti. Na wanatakiwa wawili." Alinitazama viatu, vilikuwa na vumbi mpaka kwenye soksi. Hakunifukuza. "Lete watu wazima wawili waseme ulivyosema. Wakisema, nitaandika. Mimi kazi yangu ni kuandika."

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani anamenya muhogo. Nilimweleza yote, tangu kwenye basi mpaka kwenye ufagio, na nilieleza bila kusimama. Mama hakunikatiza. Alimaliza kumenya ule uliokuwa mkononi, akautumbukiza kwenye maji, akafuta kisu.

"Jirani wa migomba atakubali," akasema. "Tatizo ni kwamba hawezi kusema asichokijua. Lazima aambiwe kwanza, akijue." Akavuta kigoda akakaa tena. "Na mimi pia. Nikiulizwa alizaliwa nyumba ipi, na nani alikuwepo, nisemeje?"

Nikakaa chini mbele yake. Nilimwambia nyumba ilikuwa chini ya shule, upande wa kisima, na mlango ulitazama barabara. Nilimwambia siku hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mkunga alichelewa kwa sababu ya tope, na mtoto alipotoka majirani walisikia sauti wakaja wote, na kila mmoja alikuja na kitu mkononi.